Tunu za Njia Panda ya Awasse

Lugha yetu haina upungufu wa maneno ya kutaja kile ambacho msafiri humletea aliyebaki nyumbani. Tunalo neno zawadi, ambalo siku hizi limebebeshwa mzigo mkubwa hata kikombe cha mshindi wa mbio kikaitwa hivyo. Tunalo neno hidaya, lenye harufu ya vitabuni. Tunalo pia neno tunu, na hili ndilo tulilolichagua liongoze makala haya, kwa kuwa maana yake ni kitu chema kisichopatikana kila mahali. Wajapani wamelijengea jambo hili desturi kamili. Kwao, atokaye safari hurejea na omiyage, aghalabu chakula cha mji ule alioutembelea, kilichofungwa kwa ustadi na kupigwa jina la mji huo, naye huwagawia jamaa na wafanyakazi wenzake. Watu wa mwambao wetu hawana mazoea ya kuandika jina la mji juu ya kifurushi, lakini haidhuru. Mzee wa Mtwara, wa Kilwa au wa Lamu hahitaji maandishi ili ajue kila mji husifiwa kwa nini.

Tungependa kuzungumzia sehemu ya mwambao huo ambayo vitabu vyetu vya kusomeshea huitaja kwa nadra, nayo ni kaskazini ya jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, hasa eneo linaloizunguka Awasse. Swali letu ni moja: kwa nini baadhi ya tunu za mahali hudumu karne nyingi, na nyingine, hata zikiwa zimepata kujulikana bahari nzima, hufutika zisibaki ila jina?

Awasse yenyewe si mji mkubwa, wala haiko ufukweni. Ni makazi ya njia panda katika wilaya ya Mocímboa da Praia, kiasi cha kilomita 40 kutoka baharini. Hapo barabara itokayo kusini, kwa njia ya Macomia na Chai, hukutana na ile iunganishayo bandari ya Mocímboa da Praia na mji wa Mueda ulio juu ya uwanda wa Wamakonde. Anayetoka Pemba akitaka kufika Palma kwa barabara kuu hana budi kuipita. (Pemba tuitajayo hapa ni mji mkuu wa jimbo, ambao wakati wa ukoloni wa Kireno uliitwa Porto Amélia, msomaji asiuchanganye na kisiwa cha karafuu.) Kwa hiyo Awasse haina chakula ambacho twaweza kusema ni chake peke yake. Mashariki yake iko bahari na magharibi yake uko mwinuko, na mambo mawili haya ndiyo yanayokutana katika chungu cha mpishi.

Upande wa bahari wako Wamwani. Jina lao maana yake ni watu wa pwani. Mwalimu asidhani kuwa wameitwa kwa ule mwani uotao baharini. Lugha yao, Kimwani, ni jirani wa karibu sana wa Kiswahili, hata wanaisimu wengine wakaihesabu kuwa lahaja yake na wengine wakaitenga iwe lugha kamili. Sisi hatutaki kuuingia ubishi huo. Inatosha kusema kwamba katika karne ya 19 masheikh na masultani wa pwani hii waliwaandikia maofisa wa Kireno barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na kwamba barua hizo zimo hadi leo katika Hifadhi ya Kihistoria ya Msumbiji mjini Maputo. Upande wa mwinuko wako Wamakonde, juu ya uwanda unaofikia takriban mita 800 kutoka usawa wa bahari, wenye udongo wa mchanga unaonyonya mvua mara inyeshapo. Maji ya kunywa, kwa vizazi vingi, yalikuwa yakitafutwa mabondeni na kupandishwa kichwani. Mahali pagumu namna hiyo palihitaji zao lisilo na manung'uniko, nalo lilikuwa muhogo.

Tuanze basi na muhogo, maana ndio mama wa meza ya sehemu hii.

Muhogo si mwenyeji wa Afrika. Ulitoka Brazili kwa merikebu za Wareno, kama ulivyotoka mkorosho, na kama yalivyotoka mahindi katika nchi nyingine za Amerika. La kustaajabisha ni kwamba vyakula hivi vya kuja vimekuwa vya asili kuliko vya asili, na leo ukimwambia bibi wa Mueda au wa Newala kuwa muhogo ni mgeni atakuuliza wewe mwenyewe umetoka wapi. Mihogo iko mitamu na iko michungu. Ule mtamu huliwa mbichi, hutafunwa njiani, huchemshwa au huchomwa. Ule mchungu hustahimili wadudu, nguruwe na wezi kuliko mwenzake, kwa sababu ndani yake imo sumu. Na kwa sababu hiyohiyo hauliwi mpaka upitishwe katika kazi ndefu. Humenywa, hukatwa vipande, huanikwa juani siku nyingi juu ya paa au juu ya uchanja hadi uwe makopa meupe yanayolia yakigongana. Wengine huuvundika kwanza, kisha ndipo wauanike. Makopa hutwangwa kinuni, unga huchekechwa kwa ungo, ukasongwa ugali mzito wenye rangi ya kijivujivu, ambao Kireno cha Msumbiji, kikiuchanganya pamoja na ule wa mahindi, huuita xima.

Yupo atakayeona kuwa tunarefusha maneno kwa jambo la jikoni. Lakini msomaji na aangalie yaliyotokea mwaka 1981 katika jimbo la Nampula, linalopakana na Cabo Delgado kwa upande wa kusini. Ukame ulikuwa mkali, vyakula vingine vyote vilikauka mashambani, na watu wa Memba na wilaya za jirani wakabaki na muhogo mchungu tu. Njaa haikuwapa nafasi ya kungoja jua lifanye kazi yake. Watu zaidi ya 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu ghafula, na hawakupona tena. Wenyeji waliuita ugonjwa huo mantakassa. Madaktari huuita konzo, jina lililotoka Kongo. Miongoni mwa waliouchunguza alikuwamo daktari Hans Rosling wa Uswidi, aliyekuwa akifanya kazi Nacala miaka hiyo. Walichogundua, kwa maneno machache, ni kuwa upungufu wa siku za kuanika, pamoja na ukosefu wa samaki, maharage au kitoweo kingine cha kuupa mwili nguvu ya kupambana na sumu, ulitosha kukigeuza chakula cha kila siku kuwa adui. Bibi anayemwambia mjukuu wake makopa hayajawa tayari hajui kemia, lakini analolisema ni kemia tupu.

Majani ya mti huohuo ndiyo kitoweo kinachosifiwa kuliko vyote. Sisi huyaita kisamvu. Msumbiji kwa jumla huita matapa. Hutwangwa mpaka yalainike kabisa, huchemshwa muda mrefu, kisha hutiwa karanga zilizopondwa na tui la nazi. Hapa ndipo pwani na bara zinapoonana uso kwa uso. Mpishi wa ufukweni hutia kamba au kaa ndani ya chungu, na mpishi wa mwinuko, asiye na bahari, huongeza karanga. Tumewahi kuwauliza wanafunzi katika darasa moja la kusini mwa Tanzania ni kipi kati ya hivyo viwili kilicho kisamvu cha kweli, na kipindi kizima kikaisha kwa mabishano. Tuliona afadhali hivyo kuliko kipindi cha ngeli ambacho tungekifundisha.

Nazi nayo ina taratibu zake. Hukunwa kwa mbuzi, chicha huchujwa kwa kifumbu, na tui la kwanza, zito, huwekwa kando hadi mwisho, wakati lile la pili, jepesi, ndilo linaloanza kupikia. Mwenye kulitia tui zito mapema akalichemsha kwa moto mkali atapata mafuta yanayoelea badala ya mchuzi. Kwa tui hilo hupikwa wali, hupikwa kunde na mbaazi, hupikwa samaki wa kila namna.

Samaki wabichi, hata hivyo, hawasafiri. Kabla ya barafu na magari, kilichoweza kufika Awasse na kupanda hadi Mueda kilikuwa ng'onda, yaani samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa, au samaki aliyebanikwa kwa moshi. Pweza pia hukaushwa. Hupigwa kwanza mpaka alegee, kisha huning'inizwa juani, na siku ya kupikwa hurowekwa na kuungwa kwa tui. Kazi ya pweza, kome, chaza na tondo ni ya wanawake zaidi kuliko wanaume. Maji yakitoka, wanawake wa visiwa vya Kirimba na wa pwani ya Mocímboa hushuka miambani na vikapu vyao, na hurudi maji yanapoanza kujaa. Wasafiri wengi walioiandika pwani hii walisifu majahazi na wavuvi wakawasahau hawa, ijapokuwa siku ambazo upepo haukuruhusu tanga kuinuliwa, nyumba zilikula kile kilichotoka katika vikapu vile.

Korosho ilichukua njia nyingine. Wareno walioleta mti huo katika karne ya 16 hawakujua kama mbegu yake ingeishinda dhahabu yao yote. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Msumbiji ilikuwa ndiyo nchi ya kwanza duniani kwa mavuno ya korosho, ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kisha vita, uchakavu wa miti na sera za biashara zikaishusha vibaya. Wamakonde wa pande zote mbili za mto Ruvuma wana mikorosho kuzunguka nyumba zao. Korosho iliyobanguliwa na kukaangwa ni tunu ya kila kituo cha basi cha kusini, lakini bibo, lile tunda lake bichi lenye kukereketa koo, halifiki mbali. Hukamuliwa papo hapo, na maji yake yakikaa huwa uraka, kinywaji ambacho hakihitaji kutangazwa.

Kabla ya kuliacha shamba, neno moja kwa walimu. Kireno cha Msumbiji huliita shamba machamba, na wengi wa waliolichunguza neno hilo wanakubali kuwa limetoka katika mashamba yetu. Sisi kwa upande wetu tulichukua kwa Wareno meza ya kulia chakula, limau la kukamulia juu ya samaki, na leso ya kufungia kifurushi. Waliopigana baharini kwa mizinga walikuwa wakikopeshana maneno sokoni.

Sasa tuingie katika vitu visivyoliwa, ambavyo ndivyo mgeni hununua.

Tunu ya kwanza ya sehemu hii kuandikwa katika vitabu vya Ulaya ilikuwa kitambaa. Wareno wa karne ya 16 walivikuta visiwa vya Kirimba vikifuma nguo na kuzitia rangi ya buluu kwa nili, nguo zilizojulikana kwa jina la maluane na kusafirishwa huku na huku katika mwambao. Visiwa vyenyewe vikawa vinaitwa visiwa vya Maluane. Hiyo ndiyo sifa kamili ambayo mji wowote ungeitamani, bidhaa na mahali kuwa na jina moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1520 Wareno walikishambulia kisiwa cha Kirimba na kukichoma, kwa kuwa wafanyabiashara Waislamu wa huko walikuwa wakiuza bila ya kuwaomba wao ruhusa. Mwishoni mwa karne hiyo mtawa João dos Santos alikaa visiwani humo, na kitabu chake kikachapwa Évora mwaka 1609. Ufumaji haukufa siku moja. Lakini nguo za India zilikuja kwa wingi na kwa bei nafuu, na baadaye, katika karne ya 18 na ya 19, faida kubwa ya kisiwa cha Ibo ilitokana na kuuza watu, siyo nguo. Nani angeketi afume, hali jirani yake anakamatwa na kupelekwa utumwani? Leo mwanamke wa pwani hii hufunga capulana, yaani vitenge vya kiwandani, na maluane haimo sokoni wala nyumbani.

Ibo ilibakiwa na ufundi mwingine. Ngome ya São João Baptista, iliyojengwa kisiwani hapo mwaka 1791, ilitumika kwa utumwa, kisha kwa askari, na hatimaye kwa gereza ambamo wakoloni waliwatesa wapigania uhuru. Katika siku za amani vyumba vyake vya mlangoni vilikuwa karakana ya masonara. Masonara wa Ibo hufua fedha hadi iwe uzi mwembamba, wakausuka kuwa mikufu, vipuli na bangili. Zamani waliyeyusha sarafu za Kireno. Hatuwezi kuacha kutafakari juu ya jambo hilo: pesa ya mtawala, yenye nembo yake, inatiwa kalibuni na kutoka ikiwa kipuli cha bibi harusi. Hapa iko tofauti na maluane. Masonara hawakumtegemea mgeni tu. Mkufu wa fedha ulikuwa mahari, ulikuwa akiba, ulikuwa pambo la sikukuu katika nyumba za Wamwani wenyewe. Wageni walipopungua, bado alikuwapo baba mwenye binti.

Kahawa ya Ibo ina historia ya namna hiyohiyo. Si arabika wala robusta, bali ni aina ya mwituni ya pwani ya Afrika Mashariki, yenye punje ndogo na kafeini kidogo. Haikustawishwa kwa mashamba makubwa. Iliota nyuma ya nyumba, katika kuta zilizobomoka za majumba ya Wareno, na wenyeji wakaichuma, wakaikaanga, wakaitwanga na kuinywa. Ndipo baadaye shirika la Slow Food la Italia likaiingiza miongoni mwa vyakula linavyovilinda, na watalii wakaanza kuinunua katika vifuko vidogo. Kama wenyeji wangeacha kuinywa miaka mia iliyopita kwa kuwa haikuwa na soko, mlinzi angekuta magugu.

Tumeviweka vinyago mwisho kwa makusudi, maana habari zao haziendi sawa na tulivyosema hadi hapa.

Wamakonde husimulia kuwa mtu wa kwanza aliishi peke yake, akachonga sanamu ya mwanamke katika mti na kuiweka wima; asubuhi sanamu ilikuwa mtu hai, akawa mkewe. Mtoto waliyempata kando ya mto alikufa. Walisogea juu kidogo, wa pili naye akafa. Walipofika juu kabisa ya uwanda, wa tatu aliishi. Watu wanaojieleza asili yao kwa patasi tusistaajabu wakiwa mafundi wa patasi. Hata hivyo kazi zao za kale hazikuwa za kuuzwa. Kubwa miongoni mwake ni mapiko, barakoa zinazofunika kichwa kizima, zilizochongwa kwa mti mwepesi, nyingine zikipandwa nywele za watu. Zilihifadhiwa mbali na macho ya wanawake na watoto, zikatoka kuchezwa wakati wa jando na unyago. Kumwuzia mgeni lipiko kulikuwa kama kumwuzia siri ya ukoo.

Vinyago vya mpingo ambavyo dunia inavijua ni jambo la karne ya 20. Wamisionari na maofisa wa Kireno waliagiza sanamu za watakatifu na za watumishi wenye mizigo, na wachongaji wakawachongea. Eduardo Mondlane, kiongozi wa kwanza wa FRELIMO, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 jinsi baadhi ya sanamu hizo zilivyokuwa zikimsema vibaya yule aliyezinunua: Bikira Maria anayepakata shetani badala ya mtoto, padri mwenye miguu ya mnyama. Mnunuzi alilipa na kuondoka na tusi lake chini ya kwapa.

Wamakonde wengi walikuwa wamekwisha kuvuka Ruvuma kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, wakikimbia kodi na kazi za shuruti. Baada ya mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960, na baada ya vita vya ukombozi kuanzia Chai, kusini ya Awasse, tarehe 25 Septemba 1964, waliovuka wakawa maelfu. Dar es Salaam walimkuta mfanyabiashara Mohamed Peera, ambaye tangu miaka ya 1950 alikuwa akinunua kazi zao na kuwahimiza wachonge yaliyomo vichwani mwao. Samaki Likankoa ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani, na Yakobo Sangwani anatajwa katika ule wa watu waliopandana wakibebana, ambao baadaye uliitwa ujamaa. Katika maeneo yaliyokombolewa FRELIMO nayo iliwakusanya wachongaji katika vyama vya ushirika, na vinyago vyao vikauzwa ng'ambo kupitia Tanzania ili kusaidia mapambano. Hivyo mtalii anayenunua mti wa ujamaa katika soko la Mwenge, akarudi kwao na kusema hii ni kumbukumbu ya Dar es Salaam, amebeba bila kujua kipande cha uwanda wa Mueda. Kazi hizo zimefika hata kwa mabingwa wa omiyage: katika mji wa Ise, Japani, paliwekwa makumbusho maalumu ya sanaa ya Kimakonde.

Ndiyo kusema vinyago vilistawi kwa sababu ya mgeni, wala si kwa matumizi ya nyumbani. Je, si kinyume cha yale tuliyoyaona kwa fedha na kahawa? Twaona kwamba sivyo kabisa. Kilichonunuliwa kilikuwa kipya, bali mkono uliokichonga ulikuwa umefunzwa na jando, na mapiko yaliendelea kuchezwa hata vinyago vilipokosa soko. Hatari ya vinyago iko kwingine, katika mti wenyewe. Mpingo hukua polepole mno, na sehemu yake nyeusi ni kiini tu, kilichofunikwa na ganda la rangi ya manjano. Viwanda vya Ulaya huutaka kwa zumari za klarineti. Tangu Januari 2017 jamii yote ya miti hiyo imo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Wachongaji wengine wameanza kupaka miti mingine rangi ya kiatu. Mnunuzi asiyejua na akune chini ya kinyago kwa ukucha.

Mwaka huohuo wa 2017, tarehe 5 Oktoba, watu wenye silaha waliushambulia mji wa Mocímboa da Praia, na vita vikaanza vilivyoenea wilaya za kaskazini zote. Aprili 2019 tufani ya Kenneth ilipiga Ibo na Macomia na kuongeza msiba juu ya msiba. Agosti 2020 Mocímboa ilitekwa pamoja na bandari yake. Awasse nayo ikawa mikononi mwa wapiganaji hao. Kituo chake cha umeme kiliharibiwa na wilaya kadhaa zikabaki gizani. Majeshi ya Msumbiji na Rwanda yaliikomboa Awasse Julai 2021, na Mocímboa tarehe 8 Agosti mwaka huo. Katika muda huo watu zaidi ya 700,000 wa jimbo hili walikuwa wamehama makwao.

Njia panda ilipofungwa, ng'onda haikupanda Mueda wala korosho haikushuka. Wamwani walikimbia kwa bahari, wakisongamana katika mashua hadi ufuko wa Paquitequete mjini Pemba, na wengi wakapelekwa katika makazi ya bara, hata Montepuez, ambako hakuna maji kupwa wala kujaa. Wamakonde wa mabonde walipanda Mueda. Chakula cha msaada, mchele, maharage na mafuta, kiliokoa maisha, na hatutaki kukibeza. Lakini mtoto aliyezaliwa mwaka 2017 na kukulia katika makazi hayo hakumwona mama yake akishuka mwambani na kikapu, wala hakuona makopa yakigeuzwa juani hadi siku ya mwisho. Kinyago hubebeka katika mfuko. Siku kumi za kuanika hazibebeki. Kuanzia mwaka 2022 familia nyingi zilianza kurudi Mocímboa, ijapokuwa mashambulizi katika jimbo hayakukoma.

Walimu wenzetu mlioko Newala, Tandahimba na Mtwara, mnafundisha watoto ambao shangazi na wajomba zao wako ng'ambo ya Ruvuma. Tungefurahi mkituletea majina yanayotumika huko kwa kila hatua ya kazi ya muhogo mchungu, tangu kumenya hadi kuchekecha, kwa Kimakonde, Kimwani na Kiswahili cha mahali penu, pamoja na idadi ya siku ambazo kila mpishi anadai. Kamusi zetu zina kopa na udaga, kisha zinanyamaza.